Saa Janja kwenye Mkono Unaokamua

Kioo cha kabati la saa kilipofunguliwa nilisahau kwamba mimi ni mtu wa aibu. Niliuliza maswali yote kwa pumzi moja, mbele ya wateja, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia: hiki cha pembeni kinazunguka? Na pete hii ya juu nayo? Na hii nene, mbona haina cha kuzungusha hata kimoja?

Mwenye duka akainua nyusi. Ni mzee wa Kihindi, kazaliwa mtaa uleule, kwenye ghorofa ya juu ya duka lilelile alilorithi kwa baba yake, na Kisukuma chake kinanizidi mimi niliyezaliwa na Wasukuma. Nilipoingia alikuwa ameniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami kwa kuchanganyikiwa nikamjibu "Shikamoo," akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Taratibu, binti. Hizi ni za kampuni tatu tofauti, na kampuni hizi hazipendani hata kidogo. Ukiziweka karibu karibu zitapigana. Saa ya nani?"

"Ya bibi."

Hapo akaziweka chini zote na kunitazama vizuri. "Bibi gani tena wa saa janja?"

Ikabidi nimweleze. Bibi yangu, mama yake baba, anaishi ng'ambo ya Busisi, peke yake na ng'ombe watatu tangu babu afariki. Kwenye masika yaliyopita aliteleza nyuma ya zizi akaumia nyonga. Hakuvunjika, lakini kuinuka hakuweza, na simu yake ilikuwa ndani kwenye chaji. Alilala kwenye matope yale mpaka jirani aliyekuja kuomba moto akamkuta. Baba aliposikia akatangaza: likizo ikiisha, bibi anahamia kwetu Igoma, ng'ombe wanauzwa, nyumba inafungwa. Bibi akajibu kwa simu kwamba yeye si gunia. Baba naye akasema, wakati wa chakula cha jioni, basi na atokee mtu amwonyeshe jinsi mama yake atakavyompigia akiwa amelala chini kwenye tope.

Mimi nikasema, "Saa."

Meza nzima iligeuka. Kwetu mimi ndiye yule anayepitisha bakuli la mboga.

"Saa gani?" baba akauliza.

"Saa janja. Inakaa mkononi. Inapiga simu."

Sitajifanya mwema mno. Bibi nampenda, na nilikuwa sitaki ang'olewe kwake. Lakini pia angehamia chumbani kwangu, na bibi anakoroma kama mashine ya kukoboa. Na jambo la tatu, nalo ni kweli kuliko yote: nilikuwa nimeangalia video za saa hizi kwenye simu ya mama mpaka nikawa naziota, na sijawahi kugusa hata moja.

Baba akafikiri, akaweka sharti. Nitakaa kwa bibi likizo yote. Jumamosi ya mwisho atakuja. Kama bibi ataweza kumpigia na kupokea simu yake mwenyewe, mimi nisimguse hata mkono, atabaki kwake. Asipoweza, atakuwa amekuja na gari.

Mwenye duka alisikiliza yote hayo huku akikuna kidevu. Kisha akampigia baba palepale, maana anamfahamu tangu babu aliponunua redio yake ya kwanza kwenye duka lile. Alipokata simu, alifuta saa zile tatu kwa kitambaa akazipanga kwenye kiboksi.

"Hizi ni za maonyesho, kila mtu kazishikashika. Nenda nazo. Itakayomfaa bibi, baba yako atainunua, mbili nirudishie. Lakini uniambie ukweli. Mimi nauza tu. Tajiri anakuja, anaangalia rangi, anaondoka. Hakuna aliyewahi kuniambia ipi inashikika."

Jamani, usiku huo. Niliziwasha zote nikazivaa kwa pamoja, mbili mkono wa kushoto na moja wa kulia, na mama akaniuliza kama nimefungua duka la pili.

Ya kwanza ilikuwa ya mraba, kioo kitupu, kingo zimelainika kama sabuni iliyotumika. Ubavuni ina kitufe cha duara kidogo kama kile cha kutilia ufunguo saa za zamani. Ukikizungusha, maandishi yanapanda na kushuka, na mkono unasikia vitetemeko vidogo vidogo kama meno ya gia, wakati ndani hakuna gia yoyote. Nilikaa nikikizungusha tu. Halafu ina uchawi wake: ukigusanisha kidole gumba na cha shahada, kwa mkono uleule ulioivaa, mara mbili haraka haraka, inapokea simu bila kuguswa. Nilifanya hivyo chooni, nikafanya kitandani, nikafanya nikiwa nimeshika kikombe.

Ya pili ilikuwa ya duara, na ukiiona kwa mbali utasema ni saa ya mshale ya mtu wa ofisini. Pete ya chuma iliyozunguka uso wake inageuka kushoto na kulia, tik, tik, tik. Yaani sauti ile peke yake ingetosha kunifanya ninunue. Nayo ina ujanja wake: simu ikiita mahali pabaya, unafunika uso wake kwa kiganja na inanyamaza.

Ya tatu, samahani kwa walioitengeneza, ilikuwa mbaya. Nene, nyeusi, plastiki, imejaa skrubu ambazo sidhani kama zinakaza kitu. Kioo chake hakiguswi kabisa. Unaweza kukisugua kwa mkono mzima isitikisike. Kila kitu ni vitufe, vitano, vitatu kushoto na viwili kulia, na kila kimoja kina kazi yake na kazi nyingine ukikibana kwa muda. Mwenye duka alisema ni ya wakimbiaji na wapanda milima.

Nilichogundua usiku ule kilinifurahisha kuliko saa zenyewe. Niliona kwamba kila kampuni ilikuwa na mkono wa mtu fulani akilini. Ya mraba ilitengenezewa mkono ulioshika mfuko, au mtoto, kwa hiyo vidole viwili vitoshe. Ya duara ilitengenezewa mkono unaopenda kushika kitu kizito na kukisikia kikigeuka. Ya vitufe ilitengenezewa mkono wenye jasho, tope na mvua. Nikajiuliza mkono wa bibi uko wapi kati ya hiyo. Nilikuwa na uhakika ni wa pili. Ile ya duara ilinipendeza mno, haikuwezekana isiwe yenyewe.

Siku iliyofuata nikavuka daraja. Bibi alinisubiri mlangoni, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hivyo ndivyo vitu vitakavyoniokoa na jela?"

Ananiita mke mwenzangu kwa sababu babu alikuwa ananiita mke wake mdogo, utani wa tangu nikiwa mtoto. Nilimwonyesha saa zote kwenye kanga. Aliiinua ya mraba akaichungulia. "Televisheni ya sisimizi." Akaiinua ya duara, akatikisa kichwa polepole kama anayekubali. Ya vitufe hakuigusa. "Hii ni kifuniko cha tangi."

Tatizo la kwanza lilikuwa vidole vyake. Bibi amelima na kumenya muhogo maisha yake yote, ncha za vidole zimekakamaa kama gome. Alipopangusa kioo cha ile ya mraba, hakikusikia kitu. Akapangusa tena. Akabonyeza. Akagonga kwa ukucha.

"Nimekufa lini?" akaniuliza. "Mbona kioo hiki kinaniona maiti?"

Alipolamba kidole kikasikia, tena kikasikia mno. Kikafungua hali ya hewa ya nchi nisiyoijua. Nikajaribu kwa sauti. Nikaiambia saa kwa Kiswahili impigie baba, ikanijibu kwa Kiingereza kwamba haijaelewa. Bibi akainyang'anya na kuisemesha kwa Kisukuma, kwa heshima kabisa, kioo kikazima.

"Haina malezi. Imenigeuzia kisogo."

Lakini pete ya ile ya duara, hapo bibi alifika. Aligeuza mara moja, tik, akanitazama. Akageuza tena. "Hii ni redio ya babu yako," alisema, na akakaa kwenye kigoda akiigeuza mbele na nyuma, akitafuta stesheni. Ndani ya asubuhi moja alijua: geuza mpaka picha ya baba, kisha bonyeza kitufe cha ubavuni. Kupokea simu, vivyo hivyo. Mimi nilikuwa naruka uani kama ndama. Nilikuwa nimekwishamaliza kazi siku ya kwanza, na kichwani nilikuwa namwambia mwenye duka kwa sauti ya kujiamini: ya duara, mzee, hakuna mjadala.

Saa ilikaa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto una bangili zake za shaba, za tangu kuolewa, na hazivuliwi hata kwa dawa. Sikuona kama ina shida. Shida ilikuja na mgeni.

Alikuja kaka mkubwa wa marehemu babu, mzee mno, anayeheshimiwa kijiji kizima. Bibi aliposikia sauti yake alishuka nusu magoti, akatoa mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto kikashika kifundo cha mkono ule wa kulia, kama tunavyosalimia wakubwa. Kwa kweli hakuna salamu nzuri kuliko ile. Na ni wakati uleule baba alikuwa anapiga. Kiganja cha bibi kilikuwa kimefunika saa, na saa ikafanya kama ilivyofundishwa huko ilikotengenezwa: ikanyamaza. Salamu za wazee nazo hazina haraka. Ng'ombe waliulizwa hali, mvua ikaulizwa, wajukuu wakaulizwa mmoja mmoja. Kisha bibi akampeleka mgeni kuona muhogo, mbali na dirisha nilipoweka simu yake iliyounganishwa na saa. Saa hizi zinategemea simu iwe karibu. Ikiwa mbali, zinabaki pambo.

Baba akapiga tena. Kimya. Akampigia jirani.

Jirani alifika akihema, kanga moja begani, nyingine inaburuza. "Mwanao anasema umeanguka!"

"Nimeanguka nikiwa nimeshika kikombe?" bibi alisema, na kweli alikuwa amerudi na anamimina uji wa mgeni.

Jioni baba alinipigia mimi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Umeona?" na ikawa mbaya kuliko kelele.

Nilitafuta kwenye mipangilio nikauzima ujanja ule wa kiganja. Na simu nayo tangu siku hiyo ikawa inasafiri kwenye kikapu cha bibi, akienda shamba inakaa kwenye kivuli cha tuta. Lakini siku ya mvua sola ya bibi ya kuchajia haikupata jua, na ya duara, malkia wangu, ilikuwa inataka chaji kila jioni kama mtoto anayetaka maziwa. Ikazima adhuhuri. Na unga wa muhogo ulikuwa umeingia chini ya pete, tik tik ikawa krrr. Nilitaka kulia.

Basi nikarudi kwa ile ya mraba. Nilijiambia: vidole viwili. Bibi hahitaji kugusa kioo, anagusanisha vidole tu. Nilimfundisha jioni nzima. Aliona ni mchezo mzuri, akawa anafanya hata akiwa anaongea na kuku. Ubaya ni kwamba ilipoita kwa sauti zizini ng'ombe mwekundu alirusha teke, ndoo ikaenda kulia na bibi kushoto, nusura yatokee yaleyale. Nikapunguza sauti ya spika mpaka mwisho, iwe inatetemeka tu.

Kesho yake asubuhi bibi alikuwa anakamua, mimi nimemshika ndama kwa kamba. Bibi hakamui kimya. Anaongea na ng'ombe, hivyo ndivyo maziwa yanavyoshuka, anasema. Siku ile aliongea sana, mpaka mimi nikajifanya naangalia miguu yangu.

"Unasikia, mama? Anataka kunifungia mjini kama kuku wa kisasa. Nikae kwenye sofa ningoje watu watoke kazini. Nitaongea na nani mchana kutwa, na friji?" Maziwa yakaenda chwaa, chwaa. "Sisemi siogopi. Siku ile kwenye tope niliogopa. Niliita mpaka sauti ikakauka, na wewe ulisimama tu hapo unatafuna. Nikianguka tena utaniinua, wewe? Lakini sitamwambia yule. Nikimwambia naogopa atakuja na gari siku hiyohiyo."

Aliinua mkono kufuta jasho. Nikaona kioo kinawaka, na kwenye kioo sekunde zinakimbia. Juu yake, picha ya baba.

Kukamua ng'ombe, kama hujawahi, ni hivi: gumba na shahada vinabana juu, vidole vingine vinafuata, unaachia, unabana tena. Mara mbili, haraka haraka. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani Nyakato, akapiga kumjulia mama yake hali, na bibi akampokea kwa chuchu ya ng'ombe. Kama baba alisema "haloo," spika niliyoipunguza mwenyewe iliimeza. Nilipopiga hatua kuelekea kwake, simu ikakatwa. Kutoka upande ule.

Ndama akaninyang'anya kamba akaenda kunyonya.

"Bibi," nilisema. "Baba amesikia."

Hakuelewa. Nikamwonyesha saa, nikamwonyesha vidole vyake. Alivitazama kama vya mtu mwingine.

"Yote?"

"Nadhani tangu kuku wa kisasa."

Nilingoja anigombeze, na ningestahili. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka ameegemea ubavu wa ng'ombe. "Kuku wa kisasa," alirudia. "Kasikia kuku wa kisasa!" Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga, akanivulia saa ile akanipa.

"Nipe ile mbaya."

"Bibi, si ulisema ni kifuniko cha tangi?"

"Na tangi si linafungwa vizuri? Lete."

Na hapa ndipo niseme kitu ambacho kilinishangaza mimi mwenyewe: ile mbaya ndiyo iliyonipa raha kuliko zote. Kwa sababu haikudhani chochote. Haikuwa na maoni kuhusu vidole vyako wala kiganja chako. Bibi akakamua, ikakaa kimya. Akasalimia, ikaita bila kujali. Akaiosha na vyombo. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, chaji ikashuka kidogo tu kama mtu aliyeonja chumvi. Nilikipangia kitufe cha chini kushoto kazi moja: ukikibana mpaka saa itetemeke, inampigia baba. Cha juu kulia, kupokea. Vingine vitatu vilibaki na kazi zake, havikukubali kuzimwa.

Kilichobaki ni kukijua kile kimoja kati ya vitano bila kuangalia. Bibi alikosea mara nyingi. Mara anawasha taa, mara anaanzisha mbio. "Inasema nimekimbia," alilalamika, "na nimekaa." Siku moja nilitoka kuteka maji, nikarudi nikamkuta na tyubu ndogo ya gundi ya kuzibia pancha za baiskeli, ulimi nje ya meno. Alikuwa amebandika ushanga mwekundu juu ya kile kitufe cha chini kushoto.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga. "Bibi! Hiyo ni ya watu! Ni ya dukani!"

"Ilikuwa ya watu," alisema, akipulizia gundi ikauke. "Sasa imeolewa."

Jumamosi ilifika. Baba alikuja alasiri na pikapu ya rafiki yake wa kazini, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha, na nyuma kulikuwa na kamba na turubai. Baba alimwamkia mama yake, bibi akaitikia, na wote wawili wakaongea kuhusu barabara kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kusikia lolote la kuku.

"Basi mama," baba alisema mwishowe. "Twende nyuma ya zizi. Ulale pale ulipolala, unipigie."

Bibi akajifunga kanga upya. "Silali."

"Mama, tulikubaliana."

"Ulikubaliana na mjukuu wangu, si mimi. Mtu mzima hajilazi chini kwa mchezo. Anayejilaza anajiitia mabaya. Unataka nijiitie?"

Yule rafiki wa baba akageuza uso akakohoa. Baba akanitazama mimi, mimi nikatazama mlima. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Kwa siku zote hizo nilikuwa nimepima pete, vitufe na chaji, na sikupima kama bibi atakubali kulala chini mbele ya mwanawe.

"Sasa tutajuaje?" baba akauliza, na sauti yake ikaanza kunikumbusha ile kamba ya kwenye pikapu.

"Kaa hapo," bibi alisema. "Mpeni maziwa ya mgando. Mimi ng'ombe wananisubiri." Akachukua ndoo, kigoda na kikapu chenye simu, akaenda zake nyuma ya nyumba. Nilitaka kumfuata kumshikia ndama. "Wewe pia kaa," alisema bila kugeuka.

Tulikaa. Baba alishika bilauri bila kunywa. Nilikuwa nahesabu vitufe kichwani: ushanga, mpaka itetemeke, ushanga, mpaka itetemeke.

Simu ya baba ikaita mfukoni.

Aliitoa, akaitazama, akaitazama nyumba ambayo nyuma yake mama yake alikuwa amekaa, karibu kiasi cha kumsikia akikohoa. Akapokea. "Haloo. Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti ilitoka kwenye simu, na mwangwi wake ukatoka nyuma ya nyumba. Nyuma ya sauti, chwaa, chwaa. "Siku ile ulisikiliza bila kukaribishwa. Leo nakukaribisha."

Baba akaigandamiza simu sikioni.

"Naogopa, mwanangu. Hilo ulilisikia na ni kweli. Lakini wewe uliogopa kivuko tangu ukiwa mtoto, kila ukipanda unashika chuma macho umefumba. Mbona uliendelea kuvuka kuja kunisalimia? Nilikwambia uhame ziwa?"

Baba akafuta uso kwa kiganja, akashusha bilauri chini ya kiti. "Hapana, mama."

"Basi. Nikianguka nitabana ushanga, wewe utakuja. Daraja lipo. Nisipoanguka, nitakubonyeza hivyohivyo, unisalimie. Sasa kata, unipigie wewe. Mtoto aliniambia ni mitihani miwili."

Baba akakata. Akatafuta jina. Akapiga. Ikaita mara moja tu, na chwaa chwaa haikusimama, haikupunguza hata mwendo.

"Nimepokea," bibi alisema. "Na ng'ombe hajarusha teke. Andikeni."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kupiga kelele mpaka Busisi wasikie. Nilimshika rafiki wa baba mkono, mtu ambaye sikuwa nimemwambia hata neno moja zaidi ya shikamoo, nikaanza kumweleza juu ya kitufe kisichodhani kitu, na pete inayoziba kwa unga, na vidole viwili, na kiganja, yote kwa pamoja, naye akawa anaitikia "ehee, ehee" huku ameshika kamba yake asijue aiweke wapi.

"Mzee," alimwuliza baba nilipovuta pumzi, "tuanze kupakia kitanda?"

"Kitanda kinakaa," baba alisema. "Pakia michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Naona kuna gunia zima pale, na mama hatatuachia tuondoke bila hilo." Simu ilikuwa bado sikioni mwake. "Mama, bado upo?"

"Nipo. Ndoo imejaa. Lete ya pili, na uje mwenyewe, usimtume mtoto."

Baba alikunja mikono ya shati lake la kazini, akachukua ndoo iliyopinduliwa kando ya ukuta, akaenda nyuma ya nyumba, simu bado sikioni, akimwuliza mama yake ni ng'ombe yupi aanze naye.